Historia ya Bangili za Pembe

Kupenda pambo la mkono ni jambo la kale sana. Mwaka 1926, katika magofu ya mji wa Mohenjo-daro, bondeni mwa mto Indus, wachimbaji waliona sanamu ndogo ya shaba ya msichana, ambayo urefu wake hautimizi sentimita 11. Umri wake wapita miaka 4,000. Mkono wake wa kushoto umejaa bangili toka kifundo hata bega, zipatazo 24. Na neno lenyewe bangili tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, nalo limekaa katika Kiswahili pamoja na majina mengine ya mapambo, kama kikuku na kekee.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za bangili za namna moja tu, yaani zile zilizofanywa kwa pembe za ndovu. Zilivaliwa ng'ambo ya bahari, lakini mwanzo wake ulikuwa katika nchi zetu. Kwa hiyo historia yake ni historia yetu pia.

Katika Gujarat, Kutch na Rajasthan, bangili za pembe zilikuwa sehemu ya arusi. Huko Rajasthan wanawake walizivaa nyingi, toka kifundo cha mkono mpaka karibu na bega. Katika Punjab ni mjomba, ndugu wa mama, ampaye bibi arusi bangili zake nyekundu na nyeupe. Zilikuwa alama ya mke mwenye mume. Mume akifa, mjane huzivua au huzivunja. Basi haja ya pembe haikupata kwisha, maana arusi mpya zilitaka bangili mpya, na misiba iliziharibu zile za zamani.

Huenda msomaji akauliza: Je, Bara Hindi hakuna ndovu? Wako, lakini ndovu jike wa huko hana pembe za kutoka nje kama jike wa Afrika, na pembe za dume kwa kawaida ni ndogo kuliko za huku. Tena pembe za Afrika ya Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake, kwani hazikupasuka upesi chini ya chombo cha fundi. Shina la pembe lina uwazi ndani, na umbo lake hupungua likielekea nchani. Fundi aliikata pete pete, akazikereza na kuzing'arisha. Pete za shinani zilikuwa pana, zikafaa mkono wa juu. Zilizofuata zilizidi kuwa nyembamba, zikafaa kifundo. Hivyo pembe moja iliweza kutoa bangili zilizopungua kwa taratibu kama mkono wenyewe upunguavyo.

Biashara hii ni ya zamani. Kitabu cha Kiyunani cha mabaharia, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja pembe nyingi zilizotoka Rhapta, bandari ya pwani yetu. Al-Masudi, Mwarabu aliyesafiri pwani hii katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Omani, na kutoka huko Bara Hindi na Uchina. Akasema kwamba kama si hivyo, pembe zingekuwa tele katika nchi za Waislamu. Naye Mreno Duarte Barbosa, mwanzo wa karne ya 16, alisimulia jinsi mafundi wa mji wa Cambay walivyotumia pembe nyingi kufanya bangili, mipini ya panga na vyombo vya sataranji.

Lakini katika karne ya 19 biashara ilizidi mno. Waingereza na Wamarekani nao walitaka pembe, kwa vinanda, vitana na mipira ya kuchezea mezani. Ndovu wa karibu na pwani walikuwa wamepungua, na misafara ikaingia bara, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Wengi hudhani kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa. Sivyo. Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakachukua mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, mwendo wa kilometa 800 hivi toka Tabora mpaka Bagamoyo. Ilikuwa kazi ya heshima kwao, ingawa wengine walikufa njiani kwa ndui na njaa.

Huko Manyema mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana pembe na watumwa vilitafutwa pamoja, na kwa bunduki. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwapo Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Watu wa wafanya biashara wakawapiga bunduki waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Wengine wakajitupa mtoni wakazama. Waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliwatia nguvu waliotaka utumwa ukome, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Bangili hazikuacha kupendwa. Mwaka 1926, mwaka ule ule wa sanamu ya Mohenjo-daro, Man Ray alimpiga picha huko Paris bibi mmoja Mwingereza, Nancy Cunard, mikono yake yote miwili imejaa bangili za Afrika, na picha hiyo yajulikana mpaka leo.

Hatimaye ndovu wenyewe wakawa karibu kwisha. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na mwaka huo huo mataifa yakapatana kukataza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Bara Hindi ilipiga marufuku pembe za Afrika mwaka 1991. Hata hivyo wizi uliendelea: ndovu wa Tanzania walikuwa kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu.

Basi tujifunze nini? Pambo si ubaya, na wale mabibi arusi hawakuwa na kosa; hawakumwona ndovu akianguka wala soko la Nyangwe. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bangili nyeupe haikuonyesha alama ya damu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Leo bibi arusi wa Punjab huvaa bangili za plastiki, nyekundu na nyeupe kama zamani. Mjomba wake humpa vile vile, na mama yake hulia kwa furaha vile vile. Arusi haikupungua kitu. Yamkini hata zamani thamani yake ilikuwa katika mkono uliozitoa na mkono uliozivaa. Sisi walimu tuwafundishe watoto wetu, kila waonapo kitu kizuri, waulize kimetoka wapi, na ni nani aliyekilipia.