Babu: Waziri Aliyebaki na Kalamu

Mwaka 1981 kilitoka London kitabu kiitwacho African Socialism or Socialist Africa? Mwandishi wake, Abdulrahman Mohamed Babu, alikuwa ameshika uwaziri kwa miaka minane, kisha akawekwa kizuizini miaka sita na serikali ileile aliyoitumikia. Kitabu kilipinga wazo kwamba ujamaa unaweza kusimama juu ya desturi za vijiji vya kale. Badala yake Babu alidai viwanda, na uchumi unaozalisha kwanza kile wananchi wenyewe wanachokihitaji. Hoja hiyo iligonga msingi wa siasa ya Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, na sehemu kubwa yake ilipikwa gerezani.

Wengi humjua Babu kama mwanamapinduzi wa Zanzibar, wala hawakosei. Lakini uandishi aliuanza kabla ya uwaziri na hakuuacha mpaka mwisho.

Alizaliwa Unguja mwaka 1924, akafanya kazi ya ukarani katika biashara ya karafuu, kisha mwaka 1951 akaenda Uingereza kusoma. Huko ndiko alikozama katika siasa za kupinga ukoloni. Aliporudi mwaka 1957 akawa katibu mkuu wa ZNP, chama ambacho Wazanzibari walikiita Hizbu. Wakati huohuo aliendesha gazeti la ZaNews na kuandikia Xinhua, shirika la habari la China. Kwake kujenga chama na kutoa gazeti ilikuwa kazi moja, na wakoloni nao waliliona hilo: mwaka 1962 walimfunga kwa kosa la uchochezi.

Alipotoka mwaka 1963 aliachana na Hizbu, akaunda Chama cha Umma, ambacho wafuasi wake walijulikana kama Makomred. Mapema Januari 1964 serikali ya Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ilipiga marufuku chama hicho, na Babu akakimbilia Dar es Salaam. Siku chache baadaye, Januari 12, serikali hiyo ilipinduliwa. Babu akarudi Unguja na kukabidhiwa wizara ya mambo ya nje.

Baada ya Muungano wa Zanzibar na Tanganyika alihamia serikali ya Tanzania. Urafiki na China aliokuwa ameujenga tangu enzi za uanahabari ulimfaa, naye akawa miongoni mwa waliofungua milango ya ushirikiano na Beijing. Hata hivyo waziri hutarajiwa kutetea sera ya serikali, na mwenye shaka nayo hujadili faraghani. Babu alitolewa kwenye baraza la mawaziri Februari 1972. Mwaka huohuo kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa kikiwa na hitimisho lililoandikwa na Babu, linalouliza Waafrika waelekee wapi sasa.

Jibu lake kamili lilichelewa. Baada ya Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, kuuawa Aprili 7, 1972, Babu alikamatwa Tanzania Bara kwa tuhuma za kuhusika. Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo mahakamani. Nyerere hakumpeleka visiwani, lakini pia hakumwachia hadi 1978.

Baada ya hapo alifundisha vyuoni Marekani, kisha akahamia London, ambako aliandikia majarida ya Afrika kama Africa Now na Africa Events. Mwaka 1995 chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi kilimteua kuwa mgombea mwenza wa Augustino Mrema, mgombea wake wa urais wa Tanzania, lakini jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Alifariki London Agosti 1996, akazikwa Zanzibar.

Makala zake zilikusanywa kitabuni mwaka 2002. Ukizisoma leo, utaona kwamba vyeo vilimpa Babu nafasi ya kutekeleza sera za pamoja, ilhali hoja zake mwenyewe, zile ambazo bado zinabishaniwa, alizieleza kwa uwazi zaidi alipokuwa hana cheo cha kupoteza.