Jamaa Zetu wa Kawangware



Nimetakiwa niandike machache juu ya kazi ya kutafuta nasaba za wakazi wa kwanza wa Kibera, na juu ya siku tuliyokutana na jamaa ambao hatukujua kuwa wako.

Wazee wanajua asili yetu, lakini vijana huisikia vipande vipande. Askari wengi wa Kisudani walikuwa wa jeshi la Misri katika jimbo la Ekwatoria, chini ya Emin Pasha, wakakatika na kwao vita vya Mahdi vilipoziba njia ya mto Nile. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889, wengi walibaki na Selim Bey karibu na Ziwa Albert, hata Kapteni Lugard akawakuta mwaka 1891 na kuwaleta Uganda. Vikosi vya Waingereza vilipounganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles, wao na wana wao waliingia humo. Tangu 1904 waliomaliza utumishi walikaa katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, ambao kwa Kinubi waliuita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 ekari zipatazo 4,197 zilitangazwa kuwa eneo la jeshi. Hati ambayo jamii yetu ilipewa mwaka 2017 ni ya ekari 288.

Hayo yamo vitabuni. Wasiokuwamo ni akina mama. Askari wengi walioa popote walipofika, na bibi harusi alisilimu, akapewa jina jipya, akavaa gurbaba, akajifunza kusuka tabaga, na watoto wake wakawa Wanubi. Nasi tulipokuwa tukiandika nasaba tuliandika baba na babu tu, kisha tukakwama, maana akina Murjan na Farajalla kikosini walikuwa wengi mno, wala hapana awezaye kuwatenga. Anayedhani kazi hii ni ya kupitisha wakati na akumbuke ya kuwa kwa miaka mingi kijana wetu aliyeomba kitambulisho aliulizwa mbele ya kamati babu yake alizaliwa wapi.

Mama yake babu yangu tulimjua kwa jina lake la Kiislamu. Jina lake la utotoni alilijua shangazi yangu mmoja, mkongwe wa Makina, pamoja na jina la mbari aliyotoka. Twalichukua jina hilo kwa miguu hata Kawangware, mwendo usiozidi saa moja na nusu. Wakikuyu huwapa watoto majina ya babu na nyanya kwa utaratibu, na waliofuata huitwa kwa majina ya shangazi na wajomba; kwa hiyo jina halifi. Mzee mmoja alikuwa na binti mwenye jina lile lile. Tulipomwuliza ni la nani, alisema ni la binti wa mbari yao aliyepotea katika njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899, alipokwenda kutafuta chakula kwenye kambi ya askari, asirudi.

Siku ya Jumapili tukakutana, sisi kumi na wanne kutoka Kibera, nao wapata arobaini. Walikuwa wamemweka mbuzi hai, wasimguse, mpaka mmoja wetu amchinje kwa desturi ya Kiislamu. Adabu hiyo sikuitarajia. Hata hivyo chai ilinywewa kimya. Mwishowe mzee wao aliuliza wazi, "Je, mmekuja kwa ajili ya shamba?" Sikumlaumu. Ploti za Kawangware zimegawanywa hata hazigawanyiki tena, na jamaa anayetokea ghafula mara nyingi huja na wakili. Tulimjibu ya kwamba sisi wenyewe twaijua habari ya ardhi kupungua, na kwamba tulitaka jina tu.

Ndipo akauliza la pili, lililotutia haya zaidi: mahari yake alitoa nani? Hakuna aliyejua. Akasema kwa mila yao mke asiyetolewa mahari, watoto wake ni wa mbari ya baba yake. Basi babu yangu, aliyevaa kofia ya KAR hadi uzeeni, kwa hesabu hiyo alikuwa Mkikuyu wa Dagoretti, na mimi pia. Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka.

Shangazi yangu alisimama, akasema deni lipo na litalipwa. Wakapatana mbuzi wawili, blanketi moja na asali, vitu vya heshima tu.

Tulivipeleka mwezi uliofuata. Siku hiyo wanawake saba wa mbari walirudi nasi Kibera, tukawapitisha Makina hata makaburini. Kaburi halina jiwe. Shangazi alilionyesha kwa fimbo. Yule binti mwenye jina lake alichutama pale muda mrefu, kisha akaomba aambiwe jina la Kiislamu alilozikwa nalo, akaliandika katika daftari chini ya lake.