Afande, usiku nalala na nani?

Mwenzenu nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Morotonga, pale jirani na Mugumu, wilayani Serengeti. Nimerudi chuo juzi, bumu bado halijaingia, basi njaa naipoza kwa kuandika.

Nikiwa nyumbani polisi walikuja kuongea na kikundi cha ulinzi shirikishi, na sisi wengine tukajisogeza. Afande aliongea vizuri tu: toeni taarifa mapema, msijichukulie sheria mkononi, wafichueni wezi wa mifugo. Makofi yakapigwa. Ndipo bibi mmoja akasimama: "Afande mwanangu, nikikutajia jina mchana, usiku nalala na nani?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Afande akasema kuna namba ya simu, na siri itatunzwa. Bibi akakaa, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyejibiwa.

Sasa wana historia wenzangu, swali la bibi ni la siku nyingi. Kwa Wakuria kulikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara wa jamii. Jambo likiharibika, watu wanakutana, linasemwa mbele ya wote. Mwizi hakutajwa na mtu mmoja gizani. Alitajwa na mkutano, kwa hiyo akitaka kulipiza kisasi, atamlipizia nani?

Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bunduki ziliongezeka mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe ukabadilika. Zamani vijana walivamia koo nyingine, mara nyingi wakitafuta mahari. Sasa ikawa biashara, ng'ombe wanavushwa mpaka kwenda Kenya, na mwizi anaweza kuwaibia hata wa ukoo wake.

Huko Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji walianzisha sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaouma. Silaha zao pinde na mishale. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, wakapata uwezo wa kisheria wa kukamata. Mfumo huo ukafika hadi kwetu Mara, ukakutana na iritongo. Wakuria wa upande wa Kenya nao wakaanzisha wa kwao mwaka 1998.

Ila tusidanganyane, wadau. Sungusungu walipunguza wizi, lakini watu walipigwa mpaka wakiri, wengine wakafukuzwa vijijini. Kule Usukumani baadhi ya vikundi viliwageukia akina mama wazee, wakiwaita wachawi. Yaani bibi kama yule wa Morotonga angeweza kuwa wa kwanza kutajwa. Mkutano unamlinda anayesema, lakini asiye na watu wa kumtetea haumlindi.

Ndiyo maana afande naye ana hoja. Chini ya IGP Said Mwema (2006 hadi 2013) polisi wakaja na polisi jamii na ulinzi shirikishi, wakitaka raia walete taarifa, halafu ushahidi upimwe mahakamani. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba namba ya simu inakuacha peke yako na siri yako. Iritongo ilimpa mtu wenzake wa kusimama naye, mahakama inampa mtuhumiwa nafasi ya kujitetea. Bibi anavihitaji vyote viwili.

Kwa nini limenikaa kichwani? Mwaka jana ng'ombe wawili wa baba mdogo walitolewa zizini usiku. Nyayo zilielekea upande ambao pale nyumbani wote tunaujua. Jina ninalo, na aliyelibeba nilisoma naye darasa moja la msingi. Afande alipouliza kama kuna mwenye la kusema, niliangalia viatu vyangu. Ushahidi sina, nyayo siyo ushahidi. Lakini ukweli ni kwamba hata ningekuwa nao, ningeogopa.

Na mwakani mwenzenu nakwenda kuwafundisha watoto wa watu Historia, niwaambie raia mwema hutoa taarifa. Akinyoosha mkono mmoja akauliza swali la bibi, nitamjibu nini?

Mwenye nondo azimwage hapa chini. Nawakilisha.