Kufyatua kavu: istilahi ya zoezi lisilo na risasi

Ukiwauliza wakufunzi wa silaha wa Marekani ni zoezi gani linalomfaa zaidi mtu aliyenunua bastola ya kulinda nyumba yake, wengi watakutajia lile lisilotumia risasi hata moja. Kiingereza huliita dry fire. Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi wamehamia Texas, Ohio na Minnesota, na huko bastola ya nyumbani ni jambo la kawaida. Kwa hiyo jina la Kiswahili la zoezi hili linahitajika, na likikosewa linaweza kumwaga damu. Mimi napendekeza *kufyatua kavu*.

Zoezi lenyewe ni hili. Bastola huondolewa risasi zote, magazini na chembani. Mtu husimama, huishika kwa mikono miwili, hulenga alama ndogo ukutani, kisha huvuta kifyatulio taratibu huku akitazama kama alama za kulengea zilizo juu ya mtutu zinatikisika. Wapo wanaoweka sarafu juu ya ncha ya bastola, karibu na alama ya mbele. Kifyatulio kikivutwa kwa pupa, sarafu inaanguka. Kinachosikika ni mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Faida yake ni kwamba kosa kubwa la mlengaji kwa kawaida halitoki kwenye jicho. Linatokana na kuuogopa mshindo: mkono unajikaza kabla bunduki haijalia, mtutu unainama, risasi inakwenda chini. Uwanjani kishindo hulificha kosa hilo. Chumbani kimya hulifichua.

Kwa nini raia wa kawaida ajisumbue na haya? Sheria ni sehemu ya jibu. Washington, D.C., ilikuwa inawataka wenye silaha nyumbani waziweke bila risasi na zikiwa zimefunguliwa vipande, au zikiwa na kufuli kwenye kifyatulio. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa amri hiyo na kutamka kwamba mtu ana haki ya kuweka nyumbani silaha iliyo tayari kwa kujilinda. Haki ilithibitishwa, ujuzi ni mzigo wa mwenye silaha mwenyewe. Jibu la pili ni muda. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa bastola na kupiga. Mpaka leo kuna zoezi linaloitwa kwa jina lake. Kiingereza husema drill, na neno *zoezi*, kwa maoni yangu, linatosha hapo. *Kwata* tuuachie uwanja wa gwaride.

Sasa tuje kwenye jina. Kitenzi *kufyatua* kinafaa mno, pengine kuliko kile cha Kiingereza chenye kutaja moto. Kufyatua ni kuachia kitu kilichokuwa kimebanwa au kuvutwa: mtego hufyatuliwa, upinde hufyatuliwa. Ndani ya bastola springi imebanwa, kidole kinaiachia, pini inaruka mbele. Hayo yote hutokea risasi ikiwepo au isiwepo. Huwezi kusema umepiga bunduki bila kutoa risasi, lakini unaweza kuifyatua.

Kazi iko kwenye neno la pili. Wapo watakaokimbilia *baridi*, lakini hilo lina mwenyewe: risasi baridi ni ile yenye baruti bila kichwa, inayolia bila kutoa kombora, kinyume cha risasi za moto. Zoezi letu halina hata baruti.

Mshindani mkubwa ni *tupu*. Kufyatua bunduki tupu, nani asiyeelewa? Hapo ndipo ninapokataa kwa nguvu zote. Jeff Cooper, aliyeanzisha chuo cha bastola huko Paulden, Arizona, mwaka 1976, aliwaachia walengaji kanuni nne, na ya kwanza ni kwamba kila bunduki ina risasi, wakati wote. Anayefuata kanuni hiyo hana kitu kinachoitwa bunduki tupu hata baada ya kuikagua. Imani kwamba "hii ni tupu" ndiyo hutangulia misiba mingi ya nyumbani, na sioni busara ya kuipandisha cheo kuwa istilahi. Tena haielezi ukweli wa zoezi. Bastola ndogo zinazotumia risasi za .22 zenye kulipuka ukingoni zinaweza kuharibika pini ikigonga ukingo wa chemba, kwa hiyo hutiwa risasi bandia za kupokea pigo. Siku hizi kuna pia risasi za leza zinazorusha nukta ya mwanga ukutani. Bastola hiyo ina kitu chembani, kwa hiyo si tupu, ingawa zoezi ni lilelile.

*Kavu* haisemi bunduki ina nini ndani. Inasema tendo limefanyika bila kile kinachoandamana nalo, kama mtu anavyokunywa chai kavu: chai ipo, kitafunwa hakipo. Tukiwa na *kufyatua kavu* tunapata *ufyatuaji mkavu* na *mazoezi makavu* bila kulazimisha sarufi.

Ukavu huo hutafutwa chumba kizima. Risasi zote hupelekwa chumba kingine na mlango kufungwa. Chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, kisha hukaguliwa tena. Mtutu huelekezwa mahali panapoweza kuzuia risasi, na hapa mhamiaji asidanganywe na kuta. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mbao nyembamba zilizofunikwa bodi za jasi, na risasi ya bastola hupita na kuingia alikolala mtoto. Zoezi likiisha, mtu hutamka kwa sauti kwamba limekwisha, na bastola hurudishwa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Ajali ya siku zote hutokea kwa mtu aliyekwisha kurudisha risasi, kisha akatamani kufyatua mara moja ya mwisho.

Ndani ya mazoezi makavu huingia pia mambo yasiyohusu kidole: kuwasha tochi, kuuliza kwa sauti "Nani?", kuwakusanya watoto chumba kimoja, kupiga namba ya dharura, 911, na kutaja anwani. Kivuli cha ukumbini usiku kinaweza kuwa kijana wako anayetafuta maji. Mimi naona sehemu hii ina thamani kuliko kasi yoyote ya kuchomoa bastola. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua, kufungua na kufunga lile sanduku ni sehemu ya zoezi sawasawa na kulenga.

Limebaki neno moja la mzizi huohuo. Habari zetu hupenda kusema bunduki *ilifyatuka* kwa bahati mbaya, kana kwamba chuma kiliamua chenyewe. Wakufunzi wa Marekani wameliacha neno ajali katika hali hiyo, wanasema ni uzembe, kwa sababu bastola za kisasa zilizo nzima hazifyatuki bila kifyatulio kuguswa. Katika fomu na mafunzo ya Kiswahili ningependa *kufyatuka* kubaki kwa silaha mbovu iliyoanguka au kukatika springi. Kwingine kote tuandike *alifyatua*, na jina la aliyeishika.