Bendi za magitaa za Morogoro: uanze na zipi?

Msikilizaji wa Kilosa na Mikumi, si lazima uende mbali kutafuta magitaa ya umeme. Anza na bendi hizi za mkoa wetu.

Cuban Marimba: Kiongozi wake, Salum Abdallah, alipenda santuri za Kuba, akapiga rumba na chacha kwa Kiswahili. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Morogoro Jazz: Hapa ndipo aling'ara Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo na mwimbaji. Mwaka 1970 bendi ilikwenda kwenye maonyesho ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka aliunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali mjini Mombasa, Januari 1979.

Ukisikiliza, fuata gitaa la solo. Kama kwenye rock ya Uingereza na Marekani, linajibizana na mwimbaji, huku ridhimu na besi vikishika mwendo. Bendi za dansi za leo bado hupiga hivyo, na nyimbo hizo ndizo zilipendwa zetu.

Mzee wako ana santuri au kanda? Usiitupe. Mwombe akusimulie, kisha irekodi kwa simu. Santuri ikivunjika haiungiki.