Reli ilifika mita kwa mita: jibu letu kwa swali la sanduku



Mu kikao cha mwezi uliopita mama mmoja wa Katuba alisimama akauliza: «Tunatoa hii franka kidogo kila juma, na miaka inapita. Mbona tusigawanye sanduku, kila mtu aende na yake?» Hakuna aliyecheka, juu wengi walikuwa na swali lile lile ndani ya roho. Sisi tunaozunguka kartié kwa kartié tukaomba nafasi ya kujibu kupitia historia ya mji wetu.

Reli ya kutoka kusini, kupitia Sakania, ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 tanuru la hapa likatoa shaba yake ya kwanza. Kupanda kaskazini hakukuwa mbio. Bukama ilifikiwa 1918, na Ilebo, ile waliyoita Port-Francqui, ikafikiwa 1928. Ni miaka 18 kutoka kwetu mpaka bandari ya mto Kasai. Mu ramani unaona paka mstari mmoja. Kwa wale waliobeba mataruma na vyuma, ilikuwa kipande cha leo, kisha kipande cha kesho.

Lakini tusidanganyane. Mikono iliyojenga haikuwa na fungu mu faida. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara uongezwe walipigwa risasi na askari mu uwanja wa mpira wa mji huu huu, na makumi wakafa. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtu akivumilia tu, mambo yatakuwa mazuri. Jasho la kila siku linajenga kweli. Swali ni: linajenga nyumba ya nani, na nani anashika daftari?

Kuhusu kugawanya, tuna mfano wa karibu. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa ile mpango iliyoitwa «kuondoka kwa hiari». Walipewa pesa mara moja, na mpaka leo wengi wanasema haikulingana na miaka waliyotumika. Mu kartié zetu tunajua walionunua kitu kikubwa siku ile ile, kisha wakabaki mikono mitupu. Tunajua pia waliolima shamba kidogo, wakaongeza kipande kila mwaka. Hatuwahukumu wa kwanza. Pesa inayofika yote siku moja haimfundishi mtu namna ya kuishi nayo.

Kuna na mfano mwingine unaotupendeza zaidi. Mwaka 1965, chama cha watu waliofanya kazi ya boyi na mpishi mu nyumba za Wazungu kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashini, mu Kiswahili cha hapa. Kichwa chake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, na aliyekiandaa ni André Yav. Watu waliofua, waliopika, waliofungua milango, waliandika historia ya mji kama walivyoiona wao. Mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian akakichapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanafunzi wa mbali wanakisoma. Wale wazee hawakungoja mtu mukubwa awaandikie.

Na sisi wenyewe? Pweto ilipoanguka Desemba 2000, watu walivuka kwenda Zambia, wakaishi mu kambi za Mwange na Kala. Safari za kurudi zilipangwa kuanzia 2007, na mwaka 2010 kambi hizo zikafungwa. Hakuna aliyerudi na mji mzima kichwani. Mtu alirudi na sufuria, blanketi, watoto. Akatafuta kiwanja, akafyatua matofali, akanunua bati moja, kisha la pili.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Sanduku libaki, lakini daftari lisomwe kwa sauti mu kila kikao: nani ametoa, nani amekopa, kimebaki ngapi. Anayetaka kutoka atoke na yake bila matusi. Kwenu wafadhili tunaomba msilete mzigo mkubwa wa mara moja unaopita nguvu yetu ya kuuchunga. Leteni kidogo kinachorudi kila mwaka, kisha mje mkae nasi tusome daftari pamoja.

Kura tutapiga mu kikao kijacho. Mama wa Katuba tumemuomba aketi mbele, na siku ile daftari atalisoma yeye.