Ukiukaji Bayana na Maana Dokezi katika Filamu

Katika pragmatiki, yaani tawi la isimu linalochunguza maana ya usemi kulingana na muktadha wake, ukiukaji bayana ni tendo la msemaji kuvunja kanuni ya mazungumzo waziwazi, kwa nia ya kumfanya msikilizaji autambue uvunjaji huo na kuitafuta maana iliyokusudiwa, ambayo huitwa maana dokezi. Dhana hizi zilifafanuliwa na mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, alipoeleza kuwa wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kanuni nne: kutoa taarifa kwa kiasi kinachohitajika, kusema kweli, kutotoka nje ya mada na kujieleza kwa uwazi.

Kivumishi bayana ni cha lazima katika istilahi hii, kwa sababu ukiukaji peke yake hujumuisha hata uongo. Mwongo huvunja kanuni ya ukweli kwa siri na hufanikiwa asipogunduliwa, ilhali mwenye kukiuka bayana hufanikiwa pale tu anapogunduliwa.

Mfano mzuri umo katika tamthiliya ya Shakespeare iliyofasiriwa na Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, kisha ikachapishwa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika filamu ya tamthiliya hiyo iliyoongozwa na Joseph Mankiewicz mwaka 1953, Antony, anayeigizwa na Marlon Brando, anaruhusiwa kuhutubia mazishini kwa sharti la kutowalaumu wauaji wa Kaizari. Analitimiza sharti hilo kwa maneno, akimsifu Brutus, mmoja wa wauaji hao, tena na tena kuwa mtu wa heshima, lakini kila sifa anaifuatisha na ushahidi unaoikanusha, kama vile taji ambalo Kaizari alilikataa mara tatu, hata umati ukang'amua kwamba sifa hizo ni shutuma.

Kanuni ya kutotoka nje ya mada nayo hukiukwa vivyo hivyo katika maongezi ya rushwa, mada ya filamu ya Kitanzania Bahasha ya mwaka 2018. Mhusika akiuliza faili lake limefikia wapi, na karani akamjibu kuwa tangu asubuhi hajanywa hata chai, mtazamaji hujua mara moja kinachodaiwa, ingawa karani anabaki na nafasi ya kukana kwamba aliomba chochote.

Kwa hiyo, mfasiri wa maneno ya filamu anayeandika "nipe rushwa" badala ya kuiacha chai huwa amefasiri hitimisho na kulifuta tendo lenyewe, akamnyang'anya karani kinga yake na mtazamaji kazi ya kufikiri; wajibu wake ni kuuhifadhi ukiukaji ukiwa bayana, ili maana dokezi ipatikane kwa njia ileile katika lugha ya pili.